Ahadi mbili za Bitcoin hazikai zizi moja

Waraka wa Satoshi Nakamoto, jina la siri la aliyebuni sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, uliotoka tarehe 31 Oktoba 2008, una kurasa 9 tu, lakini wengi wanaoubishania hawajaufungua. Wanachokikumbuka ni pesa ya kielektroniki inayotoka kwa mtu kwenda kwa mtu bila kupita taasisi ya fedha. Sehemu ya kwanza ya waraka huo ina lalamiko jingine pia: kwamba gharama za kuwa na mtu wa kati zinafanya malipo madogo madogo yasilipe. Kwa hiyo ahadi ni mbili, kumwondoa mtu wa kati na kurahisisha malipo madogo. Kila moja nimeiona ikitimia peke yake. Zote mbili kwa pamoja, kwa watu wengi, sijaziona, na kinachokwamisha ni hesabu kuliko siasa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Miamala ya Bitcoin huandikwa kwa mafungu yaitwayo bloku, yanayoungana kuwa mnyororo mmoja. Bloku hupatikana kila dakika 10 kwa wastani, na tangu mabadiliko ya kanuni yaitwayo SegWit ya Agosti 2017 kikomo chake ni baiti pepe milioni 1 (baiti pepe ni kipimo cha nafasi ambayo muamala unachukua). Muamala wa kawaida, wenye kipande kimoja kinachoingia na viwili vinavyotoka (malipo na chenji yako), hula takriban baiti pepe 141. Hiyo ni miamala 7,000 hivi kwa bloku. Kwa bloku 144 za siku nzima, unapata kama milioni moja. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Kila mmoja wao akitaka kufanya muamala mmoja tu, mnyororo utashughulika nao kwa miezi miwili huku dunia yote iliyobaki ikisubiri.

Nafasi ikiwa adimu, hupigwa mnada. Ada hailipwi kwa kiasi unachotuma, inalipwa kwa baiti unazokalia. Ada huhesabiwa kwa satoshi, sehemu ya milioni 100 ya Bitcoin moja. Kwa satoshi 10 kwa baiti, muamala ule ni satoshi 1,410. Bitcoin ikiwa dola 100,000, hiyo ni dola 1.41, uwe unatuma dola 5 au milioni 5. Foleni ya miamala ikirefuka na bei kufika satoshi 300 kwa baiti, ada ni dola 42. Desemba 2017 na Aprili 2024 ilifika huko na kupita.

Anayeumia zaidi ni mwenye duka. Pochi ya Bitcoin haiweki salio moja, huweka vipande, na kila malipo yaliyoingia yana kipande chake. Akipokea malipo 10 ya dola 2, kisha akataka kulipa mzigo kwa vyote, kila kipande kinaongeza baiti 68. Muamala unafika baiti 750 hivi. Kwa satoshi 10 zilezile, anatoa dola 7.50 ili atumie dola 20 zake mwenyewe. Dawa ipo: kuunganisha vipande kuwa kimoja siku foleni ikiwa tupu, kwa satoshi 1 au 2. Lakini muuza maji gani ana muda wa kuvizia foleni?

Jibu la wahandisi lilikuwa Lightning, mtandao wa malipo unaojengwa juu ya Bitcoin, uliobuniwa na Joseph Poon na Thaddeus Dryja. Watu wawili wanafunga Bitcoin kwenye chaneli kwa muamala mmoja wa mnyororo, wanalipana humo hata mara elfu, kila malipo kwa sekunde chache, kisha wanafunga hesabu kwa muamala mwingine. Inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri. Shida ni matunzo. Kwanza, kufungua chaneli kunahitaji ile nafasi adimu. Pili, ukiifungua kwa satoshi 500,000 zako, zote ziko upande wako: unaweza kulipa, huwezi kupokea hadi utumie kiasi au mtu mwingine aweke fedha upande wake. Tatu, na hapa ndipo watu hupoteza fedha, nakala ya akiba ya zamani ni hatari. Ukirejesha hali ya chaneli ya wiki iliyopita na programu ikaitangaza, inahesabika umejaribu kuiba, na mwenzako anaruhusiwa kuchukua kila kilichomo.

Ndiyo maana wengi huishia kwenye pochi ambayo kampuni inawashikia fedha. Mtu wa kati amerudi kwa mlango wa nyuma. Hata El Salvador, ilipoifanya Bitcoin kuwa pesa halali tarehe 7 Septemba 2021, iligawa dola 30 kupitia Chivo, pochi ya serikali. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), sheria ilibadilishwa na kuipokea Bitcoin kukawa hiari.

Huku kwetu ahadi ya pili ilishatimizwa kabla waraka haujaandikwa: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mtu wa kati wake ana nembo kubwa ukutani.

Kinachotumika sana kwa malipo ya kweli leo ni stebokoini, yaani sarafu ya kidijitali inayofungwa kwenye thamani ya dola, hasa USDT kwenye mtandao wa Tron. Hiyo ni ahadi ya pili bila ya kwanza: Tether, kampuni inayoitoa, inaweza kugandisha fedha zilizo kwenye anwani yoyote, na imeshafanya hivyo mara nyingi. Ukiitumia, anwani ya Tron huanza na T. Ikianza na 0x, simama, mtandao si huo. Weka TRX, sarafu ya mtandao wa Tron wenyewe, kidogo kwenye pochi, maana bila TRX ya kulipia ada USDT yako haitoki. Kumtumia mtu ambaye hajawahi kuwa na USDT hugharimu karibu mara mbili. Usinakili anwani kutoka kwenye historia ya miamala. Matapeli hutuma miamala ya sifuri kutoka anwani zinazofanana na ya mteja wako mwanzoni na mwishoni, wakisubiri ukosee. Tuma kiasi kidogo kwanza.

Ukiuza USDT kwa mtu ili upate shilingi kwa simu, usiachie sarafu kwa sababu tu ujumbe wa malipo umeingia. Angalia salio kwenye menyu ya simu. Jina la aliyelipa lisipolingana na jina la akaunti, rudisha pesa na ufute oda, kwa sababu fedha ya wizi ikifuatiliwa, laini itakayofungwa ni yako.