Maumivu ya Mgongo Baada ya Kuunganishwa Pingili: Maswali na Majibu

Upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo ni nini?

Ni upasuaji ambao pingili mbili au zaidi hufungwa pamoja kwa skrubu na vyuma, na vipande vya mfupa hupandikizwa kati yake ili hatimaye zishikane ziwe mfupa mmoja usiocheza. Vyuma hushikilia tu. Anayeunga ni mfupa wenyewe, na kazi hiyo huchukua miezi, mara nyingi kati ya 6 na 12, na kwa wengine zaidi.

Nimeshafanyiwa upasuaji. Mbona mgongo bado unauma?

Wapo wanaopona vizuri, na wapo wengi ambao maumivu hupungua bila kwisha. Mshipa wa fahamu uliobanwa kwa muda mrefu kabla ya upasuaji huweza kuendelea kuuma hata baada ya kuachiliwa. Pengine mfupa haukuunga sawasawa, au pingili za jirani zimeelemewa kwa sababu zilizounganishwa hazipindi tena, au misuli ya mgongo imelegea kwa kukaa bila kazi. Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Kuwa nayo si lazima kumaanishe kwamba aliyekupasua alikosea, wala kwamba hakuna tena kinachoweza kufanywa.

Kama niliambiwa nitaishi na maumivu, kuna haja gani ya kurudi hospitali kila yanapobadilika?

Hapa ndipo wagonjwa wetu wanapoumia. Mtu akishazoea maumivu, kila jambo jipya hulitia katika kapu lilelile la "mgongo wangu wa siku zote", na kwa subira ambayo ingemfaa kwingine anangoja hadi mishipa ya fahamu iharibike. Maumivu ya zamani yanaweza kusubiri siku ya kliniki. Dalili zifuatazo haziwezi: kushindwa kukojoa, au mkojo kutoka kwa matone huku kibofu kimejaa, mkojo au choo kutoka bila kujua, ganzi katika sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapaja ya ndani, yaani sehemu inayogusa kiti unapopanda baiskeli, na udhaifu wa mguu unaoongezeka. Mgonjwa mmoja aliingia kwetu na ndala moja tu, ya pili ilikuwa imemvuka mlangoni na hakuhisi. Alisema alikuja kuongezewa dawa za maumivu.

Dalili hizo humaanisha kwamba huenda mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo imebanwa, na ikibanwa hivyo hufunguliwa kwa upasuaji wa dharura, ambao kila saa inayopotea hupunguza matumaini ya kurejesha mkojo, choo na nguvu za miguu.

Je, nisubiri nione kama ganzi itaisha yenyewe?

Hapana. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki yangu ni wiki ijayo. Siwezi kuvumilia hadi hapo?

Hapana. Nenda leo, na kama ni usiku, nenda usiku.

Na nikinywa maji mengi kwanza, huenda mkojo ukatoka?

Hapana. Kibofu kilichofungwa hakifunguliwi kwa kuongezwa maji. Utakijaza zaidi na kujipotezea muda.

Homa, je?

Homa, jasho la usiku, kidonda kinachotoa usaha au maumivu yanayozidi kila siku hata umelala huashiria maambukizi, na hayo huweza kutokea wiki au hata miezi kadhaa baada ya upasuaji. Usianze antibiotiki ulizobakiza nyumbani. Ukishazimeza, vipimo huweza kushindwa kuonyesha mdudu ni yupi.

Dawa gani za maumivu ninaweza kutumia kila siku?

Zile ulizoandikiwa, kwa kipimo ulichoandikiwa. Tunaomba, kwa heshima zote, wagonjwa waache kutuletea mifuko yenye diklofenaki, ibuprofeni na vidonge vya jirani vilivyochanganywa. Diklofenaki na ibuprofeni ni za familia moja. Kuzimeza pamoja huongeza madhara bila kuongeza nafuu ya maana, na kuzitumia kwa miezi bila kupimwa huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Tramadoli huleta choo kigumu na utegemezi, na ikiwa umeitumia muda mrefu usiikatishe ghafla. Ipunguze kwa maelekezo ya daktari. Maumivu yanayochoma au kupiga kama shoti ya umeme kushuka mguuni ni ya mshipa wa fahamu, na yana dawa zake, kama gabapentini au amitriptilini, ambazo daktari huzianza kidogokidogo.

Je, nipumzike kitandani hadi maumivu yaishe?

Usifanye hivyo. Kulala siku nzima hulegeza misuli inayopaswa kubeba mgongo, na maumivu huongezeka. Kutembea umbali mfupi mara kadhaa kwa siku, ukiongeza taratibu, pamoja na mazoezi uliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia, husaidia kuliko godoro lolote. Mkanda wa kiuno nao uvaliwe kwa muda ulioelekezwa tu. Kunyoosha mgongo kwa kukanyagwa au kuvunjwavunjwa na mtu asiyejua kwamba ndani mna skrubu ni hatari, nasi hatulifanyii mzaha jambo hili.

Sigara ina uhusiano gani na mgongo?

Mkubwa. Uvutaji hudhoofisha uundwaji wa mfupa mpya na huongeza uwezekano wa pingili kutounga. Mtu akisumbukia aina ya skrubu alizowekewa huku akivuta pakiti kwa siku, anahangaikia kisichomhusu.

Je, nipasuliwe tena?

Si kwa sababu ya maumivu peke yake. Daktari hutafuta kwanza chanzo kinachoonekana kwa vipimo vya picha za ndani ya mwili (eksirei, CT au MRI), kama skrubu iliyolegea au mshipa uliobanwa, kwa kuwa kwa kawaida upasuaji wa pili huwa na matumaini madogo kuliko wa kwanza.

Naona haya kumweleza mhudumu habari za choo na sehemu za siri.

Tunalijua hilo, na tumeshaona likichelewesha watu hata wakiwa tayari wamefika hospitalini. Ukisema mapokezi kwamba mgongo unauma, utapangwa foleni pamoja na wengine wenye migongo inayouma. Sema hivi: "Niliunganishwa pingili za mgongo, na tangu jana sikojoi," au "Tangu asubuhi sihisi sehemu za siri." Ukiona haya, mwambie uliyefuatana naye aseme, au iandike katika karatasi uitoe dirishani.