Baghdad Khatun na Khan Abu Said: uvumi na ukweli

Kisa cha Abu Said, khan (yaani mfalme) wa Wamongolia walioitawala Uajemi, husimuliwa kama tamthilia: kijana kapenda mke wa mtu, dola ikaporomoka. Kupenda alipenda kweli. Mengi yaliyobaki yametiwa chumvi.

"Khan akimtaka mwanamke, anampata"

Desturi ya Kimongolia ilikuwa hivyo: mke akitamaniwa na khan, mumewe amwache. Mwaka 1325 Abu Said, kijana wa miaka 20, akamtaka Baghdad Khatun, mke wa Hasan Jalayir. Baba yake binti, Amir Chupan, akakataa. Huyu ndiye aliyeshika hatamu za dola tangu khan alipotawazwa akiwa mtoto. Akawapeleka mume na mke Karabakh, mbali na macho ya mkubwa, na khan akabaki na kinyongo chake.

"Chupan aliuawa kwa ajili ya mapenzi"

Kinyongo kilikuwepo, lakini khan alikuwa pia amechoka kuwa mfalme wa jina tu. Mtoto wa Chupan, Dimashq Khwaja, alijifanya ndiye mwenye kasri pale Sultaniyya, mji mkuu, na mwaka 1327 akashikwa kwa tuhuma za uhusiano na suria wa marehemu Öljaitü, baba wa khan. Akauawa. Chupan, aliyekuwa na jeshi Khurasan, jimbo la mashariki, akageuka kumkabili khan. Makamanda wakamkimbia njiani. Akaomba hifadhi Herat kwa Ghiyath al-Din, mtawala wa mji huo na mtu aliyemwamini, naye akamuua kwa amri ya khan. Kidole cha Chupan kikapelekwa kambini kuwa ushahidi.

Ndipo Hasan akamwacha mkewe, khan akamwoa.

"Alikuwa mateka tu wa kasri"

Hapana. Alipata sauti kubwa serikalini, na kwa juhudi zake mwili wa baba yake ukasafirishwa hadi Madina, ukazikwa katika makaburi ya Baqi. Fikiria: mke wa aliyeamuru babake auawe, bado anampatia mzee wake kaburi la heshima.

"Alimpa khan sumu kwa wivu"

Hili ndilo linalopendwa zaidi, na ndilo lenye ushahidi dhaifu. Wivu ulikuwa na sababu: mwaka 1333 khan alimwoa Dilshad, binti wa Dimashq Khwaja, yaani Baghdad Khatun ni shangazi yake. Khan akafa mwaka 1335. Habari ya kitambaa chenye sumu, na ya Baghdad Khatun kuuawa akiwa hamamuni, tunaipata kwa Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1327 aliandamana kweli na msafara wa Abu Said, lakini khan alipokufa yeye alikuwa India. Alisimulia aliyosikia.

Na aliyemshtaki malkia ni nani? Arpa, mrithi mpya, ambaye alimtuhumu pia kuwasiliana na adui, Khan Özbeg wa Wamongolia wa kaskazini. Mtu anayegombea kiti si shahidi wa kutegemewa.

"Hasan ndiye aliyepoteza kila kitu"

Dilshad aliachwa mjamzito, akazaa mtoto wa kike, na kiti hakikupata mrithi. Wakuu wakagombana, dola ikagawanyika. Hasan akachukua mji wa Baghdad, akamwoa Dilshad, mjane wa mtu aliyemnyang'anya mke wa kwanza. Mtoto wao Uways akaja kutawala baada yake.