Je, wajua kwa nini nyumba moja ya kupangisha ng'ambo hudai hesabu mbili?

Kiswahili kina mtego mdogo hapa. Mpangaji hulipa kodi kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye hulipa kodi kwa serikali: neno moja, fedha mbili. Ili tusipotezane njiani, humu ya mpangaji nitaiita pango, na neno kodi nitaliachia serikali.

Swali ni hili. Mtu anaishi nchi moja, nyumba yake ya kupangisha iko nchi nyingine. Mpangaji ni mmoja, mkataba mmoja, mkopo wa benki mmoja. Mwaka ukiisha anajikuta na faida mbili zisizofanana hata kidogo, na zote ni sahihi. Inakuwaje?

Nyumba haihamishiki, na hapo ndipo mambo yanapoanzia. Mfano wa mkataba wa kodi wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri), ambao nchi nyingi huutumia kama kiolezo zinapoandikiana mikataba, unasema katika kifungu cha 6 kwamba nchi ilipo nyumba inaweza kutoza kodi mapato ya nyumba hiyo. "Inaweza" haimaanishi "ni yeye peke yake". Nchi anayoishi mwenye nyumba mara nyingi nayo hutoza wakazi wake kwa mapato ya popote duniani. Kifungu cha 23 ndicho kinachowapatanisha: nchi ya makazi ama huyasamehe mapato hayo, ama hupunguza kodi yake kwa kiasi kilicholipwa kule. Kwa hiyo mkataba hukuepusha kulipa mara mbili. Haukuepushi kupiga hesabu mara mbili, na kila nchi hupiga kwa kanuni zake.

Tuchukue mkazi wa Marekani mwenye nyumba Manchester. Tuseme pango ni pauni 1,200 kwa mwezi, yaani 14,400 kwa mwaka. Wakala anachukua 1,440, bima ni 300, matengenezo 960, na riba ya mkopo 4,800. Jengo lenyewe, ukiondoa kiwanja, lilimgharimu pauni 150,000.

Uingereza itamkubalia wakala, bima na matengenezo. Faida: pauni 11,700. Riba haimo, kwa sababu tangu Aprili 2020 riba ya mkopo wa nyumba ya makazi haihesabiwi tena kuwa gharama kwa mwenye nyumba binafsi. Anapata tu punguzo kwenye kodi yenyewe, kwa kiwango cha asilimia 20 ya riba hiyo. Uchakavu wa jengo, yaani thamani inayopungua kadiri linavyozeeka, nao hauhesabiwi.

Marekani itakubali gharama zote hizo pamoja na riba. Kisha itamtaka ahesabu uchakavu wa jengo: kwa nyumba ya makazi iliyo nje ya Marekani na iliyoanza kupangishwa kuanzia 2018, gharama husambazwa kwa miaka 30 (ingekuwa ndani ya Marekani, miaka 27.5). Hapo ni pauni 5,000 kila mwaka. Faida inabaki pauni 1,900.

Elfu kumi na moja na mia saba kwa Uingereza, elfu moja na mia tisa kwa Marekani, na hakuna aliyedanganya.

Ndiyo maana naona daftari linaloandika "faida ya mwaka huu" halina kazi kubwa. Faida ni jibu, na kila nchi ina swali lake. Cha kuandika ni malighafi: kila tukio la fedha kwenye mstari wake, lenye tarehe, kiasi kwa sarafu iliyotumika siku hiyo, nani kalipa, nani kalipwa, na kwa kazi gani. Ukiwa na hiyo, kila serikali utaichotea inachotaka.

Tarehe ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili, mabaki ya mageuzi ya kalenda ya 1752, siku 11 ziliporukwa. Wa Marekani kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Australia ni Julai hadi Juni. Pango la Februari kwa mtu wetu wa Manchester litaingia mwaka mmoja wa Uingereza na mwaka mwingine kabisa wa Marekani. Aliyejumlisha kwa mwaka mzima atalazimika kufumua. Aliyeandika kwa siku atachuja tu jedwali lake upya.

Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote, kwa jinsi lilivyo rahisi kulifanya, ni kuandika kile kilichoingia benki. Kilichoingia benki si pango. Ni pango lililokwisha katwa ada ya wakala, labda na fundi wa bomba, na pengine kodi ya zuio. Uingereza ina mpango maalumu kwa wenye nyumba wanaoishi nje: wakala wa kupangisha anatakiwa kuzuia asilimia 20, baada ya kutoa gharama alizolipa, isipokuwa mwenye nyumba awe na kibali cha mamlaka ya mapato cha kupokea pango bila makato. Pasipo wakala, mzigo huo humwangukia mpangaji mwenyewe iwapo pango linazidi pauni 100 kwa wiki. Canada huzuia asilimia 25 ya pango lote kwa asiye mkazi, na Marekani asilimia 30, ingawa zote mbili zina njia ya kuomba kutozwa kwenye faida badala ya pango zima. Ukiandika kilichobaki tu, umejipunja mara mbili: gharama hukuzidai, na kodi iliyokwisha lipwa kule hukuitaja huku. Taarifa ya kila mwezi ya wakala na cheti cha kodi iliyozuiwa ndizo karatasi mbili ambazo mimi ningezitunza kabla ya nyingine zote, kwa kuwa bila uthibitisho wa kodi ya kule, nafuu ya huku haina pa kusimamia.

Risiti nazo zina ujanja wake. Kubadilisha kioo kilichovunjika ni matengenezo, hutolewa kwenye pango la mwaka uleule. Kuongeza chumba ni uboreshaji, ambao huingia kwenye gharama ya nyumba na aghalabu huja kukufaa siku ya kuuza. Ankara iliyoandikwa "kazi ya ufundi" tupu haimwambii mkaguzi lolote, hasa baada ya miaka mitatu ambapo hata wewe umesahau. Mwombe fundi aandike alichofanya na wapi. Halafu piga picha siku hiyohiyo: risiti za mashine huchapwa kwa joto, na hufifia zikikaa.

Akaunti ya benki iwe ya nyumba peke yake. Kuchanganya na matumizi ya nyumbani si kosa la jinai, ni mateso tu ya kujitakia. Ikiwa iko nchi ya nyumba, fahamu pia kwamba kuwepo kwake si siri: chini ya utaratibu ambao OECD iliupitisha mwaka 2014, nchi nyingi zilianza mwaka 2017 kupeana taarifa za akaunti za wasio wakazi. Marekani ina sheria yake ya mwaka 2010 inayofanya kazi kama hiyo, na zaidi ya hapo humtaka mtu wake atoe taarifa akaunti zake za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka. Nyumba aliyoimiliki kwa jina lake haiingii kwenye taarifa hiyo. Akaunti inayopokea pango lake huingia, na anatakiwa kujua salio lake la juu kabisa la mwaka.

Kutunza kwa muda gani? Uingereza inataka angalau miaka 5 baada ya tarehe ya mwisho ya kupeleka ritani (fomu ya hesabu za kodi), tarehe 31 Januari. Hesabu za mwaka ulioishia tarehe 5 Aprili 2025 zitakaa kabatini hadi mwisho wa Januari 2031. Lakini karatasi za ununuzi, yaani mkataba, ada ya mwanasheria, ushuru wa kununua na mgawanyo wa bei kati ya jengo na kiwanja (kiwanja hakichakai), hizo huishi na nyumba hadi iuzwe, na miaka kadhaa baadaye.

Kuna karatasi moja ambayo karibu kila mtu huisahau: kiwango cha kubadilisha fedha siku ya kununua. Kwa pango la kila mwezi, Marekani hukubali wastani wa mwaka mradi usirukeruke kati ya njia moja na nyingine. Kwa nyumba yenyewe, kila tukio lina siku yake. Tuseme ilinunuliwa pauni 200,000 wakati pauni moja ni dola 1.25, ikauzwa pauni 195,000 wakati pauni ni dola 1.40. Kwa pauni, amepata hasara ya 5,000. Kwa dola, alitoa 250,000 akapokea 273,000, kwa hiyo kabla hata uchakavu aliokwisha dai haujarudishwa kwenye hesabu, Marekani inaona faida ya dola 23,000 kwenye nyumba iliyouzwa kwa hasara.