Je, wajua? Kidonda cha mti hakiponi

Pita mtaa ambao miti yake imepogolewa karibuni, utakuta vidonda vimepakwa kitu: rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, lami, oili chafu ya gereji, pengine matope yaliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Anayepaka ana nia njema. Mti umejeruhiwa, basi ufungwe dawa, mvua na wadudu wasiingie, na polepole nyama itarudi.

Nyama hairudi. Mtu akijikata na kisu, seli mpya huzaliwa palepale palipokatwa, zikachukua nafasi ya zile zilizokufa. Mti hauna uwezo huo. Mbao ikishakuwa mbao imekuwa; haizaliwi mara ya pili. Kinachotengeneza mbao mpya ni utando mwembamba ulio chini ya gome, uitwao kambiamu, nao hujenga kuelekea nje tu, tabaka juu ya tabaka. Cha zamani kinabaki ndani kama kilivyo, kizima au kibovu.

Waulize wapasua mbao. Msumari uliopigiliwa kwenye mti kushikilia tangazo la mganga hautoki wala hauyeyuki. Mti unaumeza, na miaka ishirini baadaye msumeno unaukuta palepale ulipopigiliwa, urefu uleule kutoka ardhini, umezungukwa na doa jeusi la kutu iliyochanganyika na asidi za mbao. Nje huoni hata alama.

Hapo ndipo macho yanapotudanganya. Tawi likikatwa vizuri, baada ya muda huota mdomo mnene wa gome kuzunguka kidonda, ukajikunja mwaka hadi mwaka mpaka pande zote zikakutana. Tunasema kidonda kimepona. Kilichotokea ni kwamba kidonda kimefunikwa. Pasua gogo hapo utauona ule mkato wa awali, na alama za meno ya msumeno ukibahatika. Seremala anayeranda ubao akakuta fundo jeusi linalocheza ndani ya tundu lake amekutana na jambo hilohilo: ni tawi lililokufa zamani, mti ukalizunguka na kuendelea na safari.

Basi kama mti hauponi, kwa nini usioze wote na kuanguka? Miti hujeruhiwa kila siku, na upepo, na mbuzi, na matatu zinazorudi nyuma bila kuangalia, na bado mingine hutuzika.

Aliyelifuatilia swali hili hadi mwisho ni Alex Shigo, mtafiti wa magonjwa ya miti katika Idara ya Misitu ya Marekani. Tangu karne ya 19, kwa kazi ya Mjerumani Robert Hartig, ilijulikana kwamba kuoza kwa mbao huletwa na kuvu. Lakini magogo yalikuwa yakikatwa kwa upana, na ukikata kwa upana unaona duara moja tu la habari. Shigo alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati msumeno wa injini wa kubebwa na mtu mmoja ulipokuwa umeanza kuenea, akaamua kuipasua miti kwa urefu. Alipasua maelfu. Alichokiona ni kwamba uozo una mipaka, tena mipaka iliyonyooka ajabu. Mti uliojeruhiwa ukiwa na kipenyo cha sentimita 20, ukakua hadi 60, uozo wake hubaki ndani ya zile 20 za zamani. Mbao yote iliyoongezeka nje ni safi, ilimradi hakuna aliyeutoboa tena. Mwaka 1977, yeye na Harold Marx walichapisha maelezo ya kuta nne zinazouzuia uozo huo.

Fikiria mwenye nyumba aliyevamiwa na mchwa chumba cha katikati. Hana dawa, na hawezi kubomoa chumba. Anachokijua ni kujenga. Kwanza anaziba juu na chini, haraka haraka, kwa chochote kilicho karibu: ndivyo mti unavyoziba mirija yake ya maji juu na chini ya jeraha. Ukuta huu wa kwanza ndio dhaifu kuliko yote, maana mirija ni mingi na mirefu, na ndiyo sababu uozo hupenda kupanda na kushuka. Wa pili unazuia njia ya kuelekea kitovu cha shina. Hapa anatumia kuta zilizokuwapo tayari, yaani seli nene zinazofunga kila duara la ukuaji. Wa tatu unazuia ubavuni: ni mistari ya seli hai inayotoka ndani kuelekea gome, nazo hujijaza kemikali ambazo kuvu hawazipendi.

Ukuta wa nne haukuwapo siku ya uvamizi. Unajengwa baadaye na kambiamu, kati ya mbao iliyokuwapo jeraha lilipotokea na mbao itakayofuata, nao ndio imara kuliko yote dhidi ya kuvu. Mwenye nyumba anakiacha chumba kwa mchwa, anajenga ukuta mpya kukizunguka, kisha anaongeza vyumba vingine nje na kuhamia humo. Ndiyo maana mti wenye pango unaoweza kumficha mtoto bado unazaa: mwenyewe alishahama.

Kuhama huko kuna gharama. Kila chumba kilichofungwa kilikuwa pia ghala la wanga, akiba ya mti ya siku ngumu. Ukifunga vyumba vingi kwa mpigo, mti unabaki na nyumba kubwa isiyo na ghala. Hilo ndilo kosa la kukata kichwa, yule mwembe unaoachwa vigutu vitupu kwa sababu majani yanachafua ua. Unapoteza majani ya kutengeneza chakula na kufungua vidonda vikubwa siku moja. Machipukizi yanayofuata, ambayo mwenye ua huyaona kama shukrani, ni mti unaotumia akiba ya mwisho. Tena yanashikilia kwenye tabaka la juu tu la kigutu kinachooza, kwa hiyo yakishanenepa huwa ya kwanza kudondoka kwenye upepo. Wakulima wa Embu na Meru hukata vichwa vya migrevilea yao kila mara na miti inadumu, kweli, lakini wao hurudi kukata matawi ambayo bado membamba. Kukata kitu kinene kama paja ni habari nyingine.

Kazi nyingine za fundi wa miti, kama kuondoa matawi makavu, kuondoa matawi ya chini ili gari lipite, au kupunguza matawi upepo upenye, zote zinarudi kwenye swali moja: utakata wapi? Tazama tawi linapotoka kwenye shina. Chini yake pana uvimbe kidogo, kama ukosi wa shati, na juu pana mkunjo wa gome. Ukosi ule ni mali ya shina, na ndani yake ndimo mti unakojenga kinga yake. Kata nje yake tu. Zamani mafundi walisifiwa kwa kukata tambarare kabisa na shina, pakawa laini kama meza. Walikuwa wakiondoa ulinzi wenyewe. Kuacha kigutu kirefu nako si kuzuri, maana gome haliwezi kukifunika na kuvu wanakitumia kama daraja. Tawi likiwa zito, chanja kwanza kwa chini, umbali kidogo kutoka kwenye shina, kisha kata kwa juu mbele kidogo ya hapo, uzito uanguke bila kuchana gome. Ndipo umalizie kwenye ukosi.

Rangi nayo? Shigo na wenzake walizijaribu dawa za kupaka kwa miaka, na hakuna iliyozuia kuoza. Utando hupasuka kwa jua, maji yakapenya nyuma yake yakakaa. Oili chafu inaweza pia kuua kambiamu ya ukingoni, yaani mwashi mwenyewe. Zege lililokuwa likijazwa mapangoni huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa baya zaidi: mti unayumba, zege haliyumbi, na vikisuguana ukuta wa nne ndio unaoumia.

Yapo ya kuongezea. Mialoni ya Texas hupakwa rangi kidonda kikiwa kibichi, kwa sababu kuna ugonjwa unaoletwa na mende wanaovutwa na utomvu; rangi pale inamzuia mdudu, haizuii uozo. Tena sehemu kubwa ya utafiti wa Shigo ilifanywa kwenye miti ya nchi za baridi, yenye duara la mwaka lililo wazi. Miti mingi ya kwetu duara zake ni hafifu, hivyo ule ukuta wa pili usitegemewe kwa maelezo yaleyale.

Halafu kuna mbuyu, usiotaka kufuata kitabu. Ukambani na kwingineko gome lake limechunwa vizazi na vizazi kwa nyuzi za kamba na vyondo. Mti mwingine ukichunwa kuzunguka shina lote hufa. Mbuyu huotesha gome jipya papo hapo pa kidonda, kwa sababu mbao yake imejaa seli hai zinazoweza kuanza upya. Hata mapango yake si yote yaliyotokana na uozo. Adrian Patrut wa Romania na wenzake walipima umri wa mbao za mibuyu kwa kaboni, wakasema mapango mengi ni mashina kadhaa yaliyosimama kwa mduara na kuungana, yakaacha uwazi katikati. Pango la namna hiyo huwa na gome hadi ndani, kwa hiyo fundi anayetaka kulisafisha alipapase kwanza.