Askari waliokataa kufyatua risasi, na Gandhi aliyekataa kuwasifu

Kila ninapofundisha fikra za Gandhi, hakosi mwanafunzi wa kuuliza dola yenye mizinga ilimwogopea nini mzee mwenye mkongojo. Wengi hudhani alikuwa akingoja Waingereza waone haya. Hilo lilikuwamo, ila si kiini. Katika Hind Swaraj, kitabu alichokiandika mwaka 1909, alidai kwamba Waingereza hawakuitwaa India. Wahindi wenyewe ndio waliowapa. Maneno machungu hayo kumwambia mtu anayetawaliwa! Lakini falsafa yote imesimama juu yake: mkoloni hutawala kupitia makarani, walipa kodi na askari wa nchi hiyohiyo. Wakigoma, hana lake.

Ndiyo maana akachagua chumvi, ingawa baadhi ya viongozi wenzake waliona ni jambo dogo mno. Chumvi kila mtu anaila, na serikali ilikuwa imejitwalia haki ya kuitengeneza na kuitoza kodi. Machi 12, 1930 aliondoka kwenye makazi yake ya Sabarmati kwa miguu na wenzake wasiozidi 80, na Aprili 6 akaokota chumvi ufukweni Dandi. Sheria hiyo hata bibi kizee wa kijijini angeweza kuivunja. Maelfu kwa maelfu waliivunja, magereza yakafurika.

Kisa kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni cha Peshawar, mji uliokuwa kaskazini-magharibi mwa India ya wakati huo. Aprili 23 mwaka huohuo, umati uliokuwa ukipinga kukamatwa kwa viongozi wao ulimiminiwa risasi na watu wengi wakafa. Askari wa kikosi cha Garhwal, Wahindu walioamriwa kuwapiga risasi Waislamu wasio na silaha, walikataa. Walifikishwa mahakama ya kijeshi, na Chandra Singh Garhwali, aliyewaongoza, akafungwa kifungo cha maisha.

Ungetarajia Gandhi awashangilie. Hakufanya hivyo. Alishikilia kwamba askari anayekaidi amri huvunja kiapo chake, na kwamba akiwafundisha kukaidi leo, watamkaidi na yeye siku atakaposhika madaraka.

Wapo wanaomtetea: kwake ahadi ni sehemu ya ukweli, na asiyeutaka utumishi anapaswa kuuacha kabla hajapewa amri. Mimi utetezi huo haunitoshi. Karani aliyeitikia wito wake wa kuacha kazi ya serikali alisifiwa. Sasa kama utawala wa kigeni unasimama kwa utii wa wenyeji, utii wa mwenye bunduki ndio uliostahili kuondolewa kabla ya mwingine wowote. Nadhani hapo aliyezungumza ni mtawala mtarajiwa, wala si mwandishi wa Hind Swaraj.