Kibodi moja, wateja kumi na mmoja

Kuna usiku nilizima seva ya mtu. Ilikuwa saa nane, nimefungua madirisha mawili ya terminali, mahali pa kuiandikia seva amri: moja la mteja mwenye maduka ya dawa, jingine la mteja mwenye shule. Amri niliyoandika ilikuwa sahihi kabisa, dirisha ndilo lililokosewa. Seva zote mbili ziliitwa web-01, na majina hayo tulizipa sisi wenyewe. Shule ikakaa gizani dakika nne. Hakuna mzazi aliyegundua, ila asubuhi nilimpigia mwenye shule nikamwambia, maana kumbukumbu za mfumo zingemwambia siku moja.

Tangu hapo kila mteja ana rangi yake kwenye skrini yangu, na namba ya akaunti yake inaonekana kabla sijaandika herufi hata moja. Kazi yangu ni kusimamia mifumo ya wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, kwa niaba ya wateja wengi, na watu hudhani ugumu wake ni teknolojia. Kwangu ugumu ni kwamba mifumo yenyewe inafanana mno.

Hata anwani za seva kwenye mtandao zinafanana. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, humpa kila mteja mtandao wa kuanzia ulio tayari, 172.31.0.0/16, wenye anwani 65,536. Ni uleule kwa wote, mithili ya mtaa ambao kila nyumba ni namba saba. Kila mmoja akikaa kwake hakuna shida. Kisha mteja wako ananunua kampuni ya mwenzake, na Jumatatu anataka mitandao iwe imeunganishwa. Haiungani. Pakiti ya data ikitumwa 172.31.4.10 haijui iende kwa nani, kwa hiyo upande mmoja lazima uhamishwe, seva moja baada ya nyingine, na mteja anakuuliza kwa nini jambo dogo hivyo linachukua wiki tatu.

Linaloninyima usingizi hasa ni funguo. Zamani tuliweka nywila za wateja kwenye jedwali la Excel (naam, nasema kwa aibu). Siku hizi mteja huunda wadhifa, yaani seti ya ruhusa yenye jina lake, ndani ya akaunti yake, anaandika kwamba akaunti yetu inaruhusiwa kuuvaa, na kwa kawaida ruhusa hiyo inaisha baada ya saa moja. Hatubaki na nywila yake mkononi.

Lakini kuna mtego. Jina la wadhifa si siri. Tuseme mteja wangu mmoja ni mjanja: kwenye fomu ya mfumo wetu, badala ya wadhifa wake, anajaza wa mteja mwingine. Mfumo wetu unaaminika kule, unaingia, kisha unamletea mjanja taarifa za jirani yake. Hakudukua chochote, ametutuma tu. Dawa yake ni namba ya ziada ambayo akaunti ya mteja huidai kabla ya kufungua mlango. Namba hiyo tunaitunga sisi, kila mteja na yake, na mfumo wetu ndio unaoiambatanisha. Ukimwachia mteja achague mwenyewe, mjanja atachagua ya jirani, na umerudi ulikotoka.

Wanaoona nazidisha woga huwa nawakumbusha tarehe 2 Julai 2021. Genge la REvil, wahalifu waliokuwa wakifunga kompyuta za watu na kudai fidia, lilipitia programu ya kampuni ya Kaseya, inayotumiwa na kampuni kama yetu kusimamia kompyuta za wateja. Kaseya yenyewe ilisema wateja wake waliopigwa moja kwa moja hawakufika 60, lakini biashara zilizo chini yao zilifika hadi 1,500. Kule Sweden, maduka ya Coop yalifungwa kwa mamia kwa kuwa mashine za malipo ziligoma. Coop hawakuwa wateja wa Kaseya. Mlango ulikuwa kwa mtoa huduma wao, yaani mtu wa kazi kama yangu.

Bili ya wingu nitaipitia haraka: inakuja kwa dola, mteja analipa kwa shilingi, na seva au huduma isiyo na lebo ya kuonyesha ni ya mteja gani hulipwa na sisi. Basi.

Halafu kuna siku wote wanakuhitaji kwa pamoja. Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Seva za wateja wetu zilizoko Cape Town zilikuwa hai. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyokufa, na jambo hilo si rahisi kulieleza kwa simu kwa mtu anayeona skrini nyeupe. Tulikuwa wawili zamu. Mikataba yetu yote inaahidi jibu ndani ya dakika 30, na hakuna hata mmoja unaosema nani atangulie.

Nikaanza na mwenye maduka ya dawa. Mwenye shule alisubiri hadi saa kumi jioni, na safari hii web-01 yake sikuwa nimeigusa.