Je, wajua kwa nini mafuta ya tumboni yakipandikizwa shavuni hayashiki yote?

Aliyewahi kupandikiza mpunga anaijua siri hii. Ukichomeka miche miwili mitatu mahali pamoja, kila mche hupata tope lake na hushika. Ukichomeka fungu zima ili umalize jaruba haraka, ya pembeni itashika, ya katikati itageuka manjano na kuoza. Daktari anayetoa mafuta tumboni mwa mtu na kuyahamishia shavuni mwake, katika upasuaji wa kuupa uso sura ya kike, anafanya kazi hiyohiyo, na si ajabu kwamba Kiswahili kinalitumia neno lilelile: kupandikiza.

Ndiyo maana mililita 6 zilizowekwa shavuni leo zinaweza kubaki 3 au 4 baada ya nusu mwaka. Daktari hajakosea vipimo. Mafuta si saruji ya kuzibia shimo. Ni tishu hai iliyong'olewa kwenye mishipa yake ya damu, na kila chembe yake itapata damu mpya huko ilikohamia au itakufa.

Mfupa ukishachongwa, mafuta ya nini tena?

Tuanze na wanaoyahitaji. Tunazungumzia hasa wanawake waliobadili jinsia, yaani walioandikishwa wavulana walipozaliwa na sasa wanaishi kama wanawake. Upasuaji wa kuupa uso sura ya kike ulianza kujengwa kama fani mwaka 1982 huko San Francisco, Marekani, na Douglas Ousterhout, bingwa wa upasuaji wa fuvu na uso. Alilinganisha mafuvu ya wanaume na ya wanawake ili ajue ni kitu gani hasa kinachofanya jicho liseme "huyu mwanamke" hata kabla mtu hajafikiri. Jibu lake lilikuwa la mfupa: tuta la juu ya macho, taya pana, kidevu kirefu. Testosteroni ya wakati wa kubalehe ikishaujenga mfupa huo, hakuna homoni ya kuurudisha nyuma. Kinachobaki ni msumeno na keekee ya hospitali.

Lakini kati ya mfupa na ngozi kuna tabaka la mafuta, nalo lina kauli yake. Uso wa kike kwa wastani umekaa kama yai lililosimamishwa kwa ncha: mpana juu, mwembamba chini. Kitefute hujaa kwa mbele, panja halina bonde, paji huviringika badala ya kulala kama ubao. Mtu anaweza kuchongwa taya likapungua vizuri kabisa, kisha akajiona amekonda tu, kwa sababu huku juu hapakuongezwa kitu.

Estrojeni, homoni ya kike, husaidia kiasi. Huhamisha mafuta ya chini ya ngozi, na mashavu hujaa kidogo kidogo. Mabadiliko hayo huanza kuonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 6, ila kutimia kwake huweza kuchukua miaka 2 hadi 5, na mwenye mwili mwembamba huenda asione tofauti kubwa. Daktari mwangalifu hupenda kuona kwanza homoni zimeufikisha uso wapi ndipo apime pengo lililobaki. Kuna faida ya wazi katika kusubiri huko: hapandi kitu ambacho mwili ungekileta wenyewe.

Halafu kuna bonde ambalo upasuaji wenyewe unaweza kulileta. Ili kulifikia tuta la paji, ngozi hukatwa ndani ya nywele au kwenye mstari wa nywele, kutoka upande wa sikio moja hadi la pili, kisha hufunuliwa kuelekea machoni. Mkato huo hupita panjani, ambako kuna pedi ya mafuta na msuli wa kutafunia. Damu ya pedi hiyo ikivurugwa, husinyaa taratibu, na miezi kadhaa baadaye mtu anajiona amebonyea kando ya macho kama aliyeugua muda mrefu. Mililita chache za mafuta hulijaza bonde hilo vizuri.

Yasichokiweza mafuta ni kona. Mwanamume aliyebadili jinsia anayetaka taya lenye pembe kali huwekewa kipande cha bandia au hurekebishwa mfupa wenyewe, kwani mafuta ni mto, si tofali.

Kutoka tumboni hadi shavuni

Mafuta huchukuliwa mahali yanapopatikana kwa wingi na kovu halionekani: tumbo chini ya kitovu, kiuno, mapaja kwa ndani. Tundu la milimita 2 au 3 linatosha. Kwanza huingizwa maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, kwa kawaida miligramu 1 ya adrenalini katika lita nzima, kisha timu husubiri dakika 10 hadi 15 ili mishipa ibane. Asiyesubiri atavuta damu pamoja na mafuta, na damu kwenye pandikizi huchochea uvimbe na kuharakisha kifo cha seli.

Kuvuta hufanywa kwa mkono, kwa bomba la sindano la mililita 10 lililounganishwa na kanula butu, yaani mrija mwembamba usio na ncha kali. Hapa ndipo wasio na subira wanapoharibu. Pampu hurudishwa nyuma mililita 1 au 2 tu, si hadi mwisho, kwa sababu mvuto mkali hupasua seli za mafuta, na seli iliyopasuka haipandikiziki. Ukitaka kuweka mililita 20 usoni, jiandae kuvuta 40 hadi 60, maana sehemu kubwa ya kinachotoka ni maji, damu na mafuta yaliyomwagika kutoka kwenye seli.

Bomba huwekwa kwenye mashine ya kuzungusha. Njia iliyozoeleka duniani ni ile iliyosambazwa na Sydney Coleman wa New York katika miaka ya 1990: mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa dakika 3. Likitoka, mtu yeyote anaona tabaka tatu. Juu kabisa kuna mafuta ya maji yanayong'aa kama ya kukaangia; hayo ni matumbo ya seli zilizopasuka. Chini kuna maji mekundu. Kati ndiyo mali yenyewe: rangi ya manjano mpauko, yenye punjepunje, imekaa kama samli iliyoganda. Maji mekundu humwagwa kwa kufungua kizibo cha chini, na mafuta ya juu hunyonywa kwa pamba au shashi. Wapo wanaoosha na kuchuja badala ya kuzungusha, na ubishi wa njia ipi inashikisha zaidi haujapata mshindi. Kwa mtazamo wetu mashine haina uzito mkubwa kiasi hicho. Kinachoamua ni mkono unaopanda.

Mafuta safi huhamishiwa kwenye mabomba madogo ya mililita 1. Kanula ya kupandia nayo ni butu, nyembamba, karibu milimita 1. Huingizwa ikiwa kimya hadi mwisho wa safari yake, kisha daktari hubonyeza pampu wakati anairudisha nyuma tu, akiacha nyuma yake uzi mwembamba wa mafuta. Safari moja huacha mililita 0.1 au pungufu. Kijiko cha chai ni mililita 5, na shavu moja huchukua karibu kiasi hicho, 3 hadi 6. Piga hesabu: shavu la mililita 5 ni safari 50 kwa uchache, kila moja katika njia yake, nyingine ikipita juu tu ya mfupa, nyingine katikati ya nyama, nyingine karibu na ngozi. Panja nalo huchukua 3 hadi 6 kila upande. Midomo yote miwili, 1 hadi 3. Chini ya jicho ni nusu hadi mililita 1, na huwekwa chini kabisa karibu na mfupa, kwani ngozi ya hapo ni nyembamba kama ganda la kitunguu na haifichi kitu.

Mafuta yakiwekwa siku moja na kazi ya mfupa, huja mwishoni, na si kila mahali. Penye ngozi iliyokwisha kufunuliwa hakuna vijia vya kuushika uzi. Mafuta huelea tu kwenye uwazi kama miche kwenye shamba lililofurika. Pia uvimbe wa mfupa huwa umeshaanza na kipimo cha jicho kinadanganya. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari huyaahirisha hadi miezi 6 au zaidi.

Ndani ya uzi

Siku za kwanza uzi hauna mshipa hata mmoja. Huishi kwa kunyonya majimaji ya tishu iliyouzunguka, na oksijeni ikiingia kwa njia hiyo haifiki mbali, milimita moja na kitu. Seli ya mafuta isiyopata oksijeni haimalizi siku. Mishipa mipya huanza kuchomoza baada ya siku chache, lakini kwa zile za katikati huwa imeshachelewa.

Watafiti wa Japani wameligawa pandikizi katika maeneo matatu. Ganda la nje, lenye unene usiofika hata theluthi moja ya milimita, hubaki hai kama lilivyokuja. Eneo linalofuata seli zake kubwa za mafuta hufa, lakini seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa nyingine, zilizo miongoni mwake ni ngumu zaidi, hustahimili siku kadhaa na huzaa mafuta mapya katika miezi mitatu hivi. Kiini hufa moja kwa moja. Uzi ukiwa mwembamba, hauna kiini cha kutajika. Ukiweka donge la ukubwa wa zabibu, sehemu kubwa ni kiini.

Jambo hili si geni. Mwaka 1893 daktari Mjerumani Gustav Neuber alijaza kovu la uso kwa mafuta ya mkono wa mgonjwa wake na akaonya kuwa vipande vikubwa havifanyi vizuri. Mwaka 1950 Mmarekani Lyndon Peer alipima mapandikizi baada ya mwaka akakuta uzito umepungua karibu nusu. Leo makadirio ya upungufu bado ni mapana, kuanzia asilimia 30 hadi 70, kwa kutegemea mahali, mkono na mgonjwa.

Baadhi ya madaktari huweka ziada ya kufidia. Hilo lina mipaka: ziada hubana mishipa ileile inayotarajiwa kulisha, na ikishika yote mtu hubaki na shavu lililovimba. Kuongeza mara ya pili ni rahisi, kupunguza ni kazi.

Yanapoharibika

La kawaida ni kushika upande mmoja kuliko mwingine, au vinundu. Kinundu kigumu kinachogusika baada ya miezi mara nyingi ni kiini kilichokufa na kuzungukwa na gamba, ndani kukiwa na mafuta ya maji. Vidogo hupotea, vikubwa hunyonywa kwa sindano au kukatwa. Chini ya jicho, hata kidogo huonekana mtu akicheka.

La nadra ila la kutisha ni mafuta kuingia ndani ya ateri. Ateri za kati ya nyusi na za mgongo wa pua zimeungana na ile inayolisha jicho. Shinikizo la bomba likiishinda damu, mafuta husukumwa kinyume hadi kwenye mzizi, na pampu ikiachiwa huchukuliwa na mkondo kuelekea retina au ubongo. Retina hustahimili kukosa damu kwa saa moja na nusu hivi. Vijazo vya asidi ya hyaluroni, yaani jeli ya kudungwa ili kuujaza uso, vina kimeng'enya cha kuviyeyusha, mafuta hayana. Tena aliye macho angelia kwa maumivu au kusema haoni, lakini aliye kwenye nusukaputi hasemi lolote. Kanula butu, bomba dogo, kubonyeza wakati wa kurudi tu, kiasi kidogo kwa kila safari: zile taratibu za kushikisha mafuta ndizo hizohizo zinazolinda jicho. Atakayekuambia atakuwekea kati ya nyusi kwa sindano yenye ncha, ondoka.

Mvutaji sigara hutakiwa kuacha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ileile inayosubiriwa. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, vilia huisha ndani ya wiki 2, na palipopandwa hapakandwi wala hapalaliwi. Tumbo, kwa upande wake, hubanwa kwa mkanda wiki kadhaa. Anayesitasita kuhusu umbo anaweza kujaribu kwanza kijazo kinachoyeyushika, aishi nacho miezi kadhaa, kisha aamue.

Miongozo ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya waliobadili jinsia, katika toleo lake la 8 la mwaka 2022 inautaja ujazaji wa mashavu kwa mafuta miongoni mwa taratibu za uso.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa huligundua wamechelewa. Mafuta yaliyoshika hayaachi tabia za kwao. Yametoka tumboni, na mwenyewe akinenepa kilo 10, shavu nalo hunenepa kama tumbo, akikonda, hupungua. Kwa hiyo uzito wa siku ya upasuaji uwe ule mtu anaouishi mwaka mzima, si ule alioufikia kwa kujinyima wiki tatu. Picha za kulinganisha hupigwa mahali pamoja, kwa mwanga uleule, na mzani huandikwa kando yake, kwani mwezi wa 6, wakati wa kuamua kama kuna haja ya kupandikiza tena, daktari ataanza kwa kuuliza mzani unasema nini.